Mwisho mwema una kosa gani? Jibu kuhusu riwaya mpya za mapenzi ya wanaume wawili

SWALI: Mwalimu, tangu mwaka jana nimesoma riwaya kumi na moja za mapenzi kati ya wanaume, nyingi za miaka hii ya karibuni. Za mwanzo zilinikosesha usingizi kwa furaha. Baadaye nikaanza kuchoka. Wote wazuri, wote wana misuli. Sura ya kwanza wanachukiana, sura ya saba wako kitandani, sura ya ishirini wanakosana kwa jambo ambalo simu moja ingelimaliza, kisha wanaishi raha mustarehe. Rafiki yangu, ambaye amesoma kuliko mimi, anasema kosa ni huo mwisho mwema: mapenzi ya namna hii hayaishii hivyo duniani, na tena vitabu vyenyewe vimeandikwa na wanawake wasiojua wanachokisema. Heated Rivalry peke yake ndiyo iliyonifanya nirudi nyuma nisome ukurasa mara ya pili, pale wanapoitana majina. Je, rafiki yangu ana haki? Na mimi nivipimeje vitabu hivi nisidanganywe na jalada?

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako amekosea la kwanza, amepatia nusu ya la pili, na wewe mwenyewe umeshalijibu swali lako ulipoutaja huo ukurasa wa majina. Nitafika huko. Naomba nianze na kosa la rafiki yako, maana nalijua kwa ndani. Nilikuwa nalo miaka mingi.

Yeye anaona mwisho mwema ndio uongo na msiba ndio ukweli. Hebu tutazame msiba huo ulitoka wapi. E. M. Forster aliandika Maurice mwaka 1913 na 1914. Ni hadithi ya Maurice, kijana wa tabaka la kati, na Alec, mlinzi wa wanyama wa mawindo kwenye shamba la tajiri. Mwishoni wanachaguana, wanaondoka pamoja. Forster wakati ule alikuwa tayari mwandishi mwenye jina, na kitabu chake chochote kingepata mchapishaji. Hiki hakukitoa. Aliwapa marafiki wakasome mmoja mmoja, akakirudisha ndani, akakitoa akakisahihisha, akakirudisha tena. Mwaka 1960 aliandika maelezo ya kuwekwa mwishoni mwa kitabu, akasema bila kuficha kilichokuwa kinakizuia. Haikuwa mapenzi yenyewe. Ilikuwa furaha. Kijana mmoja angeishia kwenye kitanzi, au wote wawili wangekubaliana kujiua, mambo yangekuwa shwari. Kilichoudhi ni wahalifu kwenda zao salama, bila adhabu, na kwa sheria ya nchi ile walikuwa wahalifu kweli; England na Wales hazikulegeza hadi mwaka 1967. Riwaya ilitoka 1971, mwandishi akiwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwenye ukurasa wa kutabaruku hakuandika jina la mtu. Alikitabaruku kitabu kwa mwaka wenye heri zaidi.

Marekani nako hali ilikuwa hiyo hiyo, na huko tunao ushahidi wa mhariri mwenyewe. Marijane Meaker, akitumia jina la Vin Packer, alitoa Spring Fire mwaka 1952, habari ya wasichana wawili chuoni. Mhariri wake alimwambia mapema kwamba wasichana hao hawawezi kuishia kwenye furaha, kwa sababu vitabu husafirishwa kwa posta na wakaguzi wa posta wangevikamata. Basi mmoja akatiwa wazimu, mwenzake akagundua kwamba kumbe hakuwahi kumpenda. Mwaka huo huo Patricia Highsmith alithubutu kuwaachia wanawake wake wawili mlango wazi, katika The Price of Salt, lakini kwa jina la bandia la Claire Morgan, na ilichukua hadi 1990 kuliweka jina lake halisi juu ya kitabu hicho. Barua za wasomaji zilimjia kwa mafungu, miezi na miezi, watu wakimshukuru kwa sababu mara hii hakuna aliyejikata mishipa wala kujitosa majini.

Kwa hiyo rafiki yako anapofunga kitabu chenye kaburi mwishoni akasema huu ndio uhalisia, mwulize anajuaje kwamba hasifu mkono wa mkaguzi wa posta. Sisemi kila kilio kilishurutishwa. Giovanni's Room ya James Baldwin ya mwaka 1956 inatembea kuelekea kwenye gilotini tangu ukurasa wa kwanza, na sitaki ibadilishwe hata nukta. Brokeback Mountain ya Annie Proulx, iliyotoka 1997, ni fupi kiasi cha kusomeka jioni moja na bado sijaisahau. Huzuni ya vitabu hivyo imetoka ndani ya watu wake, nayo ni tofauti na huzuni inayodaiwa kama kodi.

Nimesema kosa hili nalijua kwa ndani. Zamani, nikiwa mhariri kijana, mwandishi mmoja aliniletea muswada wa wanaume wawili wenye karakana ya kushona viatu. Mwishoni walikuwa wanapaka karakana rangi upya. Mmoja anataka samawati, mwenzake anataka nyeupe, wakaishia kupaka mlango samawati na kuta nyeupe, basi, hadithi imekwisha. Nikamwambia: muue mmoja, kitabu kitapata uzito. Alinisikiliza, nami nilikuwa na madaraka ya kusikilizwa. Aliporudi na muswada, kifo kilikuwa kimeingia kama lori lililokatika breki, hakikuwa kimetokana na lolote kati ya yale tuliyoyasoma kabla yake, na ule mlango wa samawati haukuwapo tena. Kitabu hakikutoka. Leo sikumbuki hata sentensi moja ya kile kifo, lakini ule mlango ningeweza kuuchora.

Sasa tuje kwenye kupima. Kwanza tenganisha vitu viwili ambavyo wauzaji wa vitabu huviweka rafu moja. Kuna riwaya ya mapenzi, na kuna riwaya yenye mapenzi ndani yake. Ya kwanza ina ahadi kwa msomaji: mapenzi haya ndiyo kiini cha kitabu, na utakapofunga ukurasa wa mwisho utawaacha wapenzi hawa pamoja, au angalau wakiwa na matumaini. Ya pili haijakuahidi kitu. The Song of Achilles ya Madeline Miller, iliyotoka 2011 na kupata tuzo ya Orange mwaka uliofuata, ni ya kundi la pili. Anayeijua habari ya vita vya Troya anajua, kabla hajafungua jalada, kwamba Patroclus, mpenzi wa shujaa Achilles, atauawa. Ukiisoma ukitegemea raha mustarehe utaona umeibiwa, na ukisoma riwaya ya mapenzi ukitegemea Homer, malenga wa kale wa vita hivyo, utaona umepewa uji mtupu. Kila kitabu kidaiwe deni lake chenyewe. Kwa maana hiyo, kulaumu riwaya ya mapenzi kwa kuisha vizuri ni kama kulaumu bembelezi kwa kumlaza mtoto.

Ukishakubali kwamba mwisho unajulikana, macho yako yote yanahamia njiani. Na hapo ndipo uchovu wako ulipo, nami nauelewa sana. Kinachobeba riwaya ya mapenzi ni kikwazo. Swali la mhariri kila mara ni moja: hawa wawili wanatakana, haya, ni nini kinachowazuia wasichukuane sura ya pili? Jibu likiwa ni kwamba hawajaongea, kitabu kina ugonjwa. Umeuona vizuri: simu moja ingelimaliza. Mwandishi anajua simu moja ingelimaliza, kwa hiyo simu inaishiwa chaji, au barua inaangukia mikononi mwa mtu mbaya, au mmoja anasikia nusu ya maneno akiwa nyuma ya mlango. Mwandishi anawasukuma kwa kidole tu. Hali hiyo inazidi katika zile hadithi za maadui wanaogeuka wapenzi, ambazo sasa zimejaa kila mahali. Uadui wa kweli una sababu, na sababu ina gharama. Wengi wa maadui hawa wana kisebusebu tu, na kiroho papo. Tangu neno la kwanza la tusi unajua wanachotaka, wao wanajua, na kurasa mia mbili zinapita tukingoja wachoke kujifanya.

Kikwazo chenye afya hutoka katika mojawapo ya sehemu mbili. Ama dunia yao kweli ina meno, ama mmoja wao ana jambo ndani yake ambalo penzi hili litamlazimisha aliache. Vitabu vizuri mno vina yote mawili, na la pili linakuwa gumu zaidi.

Chukua hiyo Heated Rivalry uliyoitaja. Rachel Reid aliitoa mwaka 2019, kitabu cha pili katika mfululizo wake wa wachezaji wa hoki ya barafu, na wengi wameijua baada ya tamthilia ya Kanada iliyoonyeshwa mwishoni mwa 2025. Ukiisikia kwa mbali ni ile ile: nyota wawili wa timu hasimu, Shane Hollander na Ilya Rozanov, uwanjani wanatafunana, hotelini wanakutana kwa siri. Misuli ipo, kitanda kipo, tena mapema sana. Kwa nini basi ukarudi nyuma kusoma tena?

Kwanza, dunia yao ina meno. Kitabu kilipotoka hapakuwa na mchezaji hata mmoja wa ligi kuu ya NHL aliyewahi kujitangaza kuwa shoga akiwa bado anacheza. Ilya ni Mrusi, ana nyumbani ambako penzi hili lingemfungia mlango. Simu moja haimalizi hayo. Mwandishi akafanya na jambo la pili, ambalo ni la ustadi: alikitanguliza kitanda, akauchelewesha ukaribu. Miaka inapita, miili yao inajuana kabisa, na bado wanaitana kwa majina ya ukoo, kama yanavyoandikwa mgongoni mwa jezi. Hollander. Rozanov. Jina la jezi ni la kila mtu. Watazamaji elfu ishirini wanalipiga kelele. Halafu siku moja, nyumbani kwa Ilya, baada ya kula mkate wa samaki jodari alioutengeneza mwenyewe, majina ya kwanza yanatoka, na Shane anaingiwa na hofu, anaondoka mbio. Fikiria. Mtu ambaye hajawahi kukimbia kitanda anakimbia jina lake. Wewe ulirudi kusoma kwa sababu uliona kitu kimelipiwa mbele ya macho yako. Mwandishi hakukuambia kwamba wanapendana. Alikionyesha kile wanachokiogopa, nawe ukalipata penzi peke yako.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Ninapowafundisha waandishi wapya wa riwaya hizi huwaambia hiyo methali ndiyo kazi yao yote. Mhusika anazuia kikohozi, kurasa zinakwenda, kifua kinambana, na mahali fulani, pasipotarajiwa, kinamponyoka. Namna kinavyomponyoka ndiyo kitabu. Nitakuonyesha kwa karibu, kwa vifungu viwili nilivyovitunga kwa ajili ya jibu hili. Wanaume wawili wanaishi nyumba moja kwa sababu ya kugawana kodi, na mmoja ameanza kumpenda mwenzake. Namna ya kwanza:

"Alimtazama. Macho yake ya kahawia yalimfanya moyo umlipuke. Hakuwahi kuhisi hivi kwa mtu yeyote. Alijua, sasa hivi, kwamba huyu ndiye."

Hakuna sentensi iliyokosewa hapo, na hakuna kilichotokea. Ungeweza kuwaondoa hao na kuwaweka wengine wawili, macho yakabaki yale yale. Namna ya pili:

"Alipoamka usiku alikuta miwani yake imefutwa, imewekwa upande wa kushoto wa godoro, pale mkono wake ungeifikia gizani. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba huamka usiku. Aliivaa akaketi, akawa anautazama mlango wa chumba cha pili bila kuwa na la kufanya na kuona kwake."

Hapa mmoja amekohoa. Amejisaliti kwa kitambaa na miwani, kwa sababu ili kujua upande wa kushoto lazima awe amekuwa akisikiliza kupitia ukutani, usiku baada ya usiku. Na huyu mwingine sasa analijua hilo, na kesho asubuhi watakunywa chai wakiwa wote wanajua. Unaona jinsi hadithi ilivyosogea bila mtu kutamka neno? Basi unaposoma, tafuta miwani hiyo. Ukifika ukurasa wa mia moja hujaiona, una ruhusa yangu kukiweka kitabu chini.

Kwa kipimo hicho, vitabu ambavyo huenda unavyo kwenye ile orodha yako vinatengana vyenyewe. Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston, ya mwaka 2019, mtoto wa rais wa Marekani na mwanamfalme wa Uingereza, ni nyepesi kuliko sifa zake na ni bora kuliko wanavyosema wanaoidharau. Wahusika wake wote wana ulimi mmoja. Kila mtu ni mcheshi kwa ucheshi ule ule, hata inachosha. Lakini barua pepe wanazoandikiana zina uhai, na huzuni ya Henry kwa baba yake aliyekufa ni ya kweli, nayo ndiyo inayomfanya ashindwe kuamini kwamba kitu kizuri kinaweza kubaki. Boyfriend Material ya Alexis Hall, ya 2020, inaanza na mbinu iliyochakaa, wapenzi wa kujifanya, kisha inaipa kazi: Oliver ni mtu mnyoofu kupita kiasi, na polepole unagundua kwamba unyoofu huo ni jeraha alilopewa na wazazi wake. Na kwa kuwa umechoshwa na raha mustarehe ile ile, soma kitabu kinachofuata, Husband Material, cha 2022. Samahani kwa kukufichulia, lakini wanafika hadi siku yenyewe wakaamua kutooana, na bado ni mwisho mwema. Nilimpenda sana mwandishi huyo siku ile. Alikuwa ameuliza kwa dhati kama furaha ya wanaume hawa wawili lazima ivae nguo zile zile za watu wengine.

Kwa anayetaka dunia yenye meno, siku zote nampa K. J. Charles, Mwingereza aliyekuwa mhariri wa vitabu miaka mingi kabla ya kuandika vyake, na inaonekana. The Secret Lives of Country Gentlemen, ya 2023, iko kwenye mabwawa ya Romney mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa: Gareth, bwana mdogo aliyerithi nyumba asiyoitarajia, mpenzi wa wadudu na viumbe vya majini, na Joss Doomsday, ambaye ukoo wake unaishi kwa kuvusha bidhaa za magendo. Walikuwa wamekutana London bila kujuana majina. Wanakutana tena mahakamani, mmoja akiwa shahidi dhidi ya jamaa ya mwenzake. England ya wakati ule ilikuwa inanyonga wanaume kwa kulala pamoja. Wa mwisho kunyongwa, James Pratt na John Smith, waliuawa Novemba 1835, na adhabu yenyewe ya kifo haikufutwa hadi 1861. Charles hakukandamizi kwa hilo kila ukurasa. Analiacha likae chini ya sakafu, na watu wanatembea juu yake wakiangalia wadudu, wakigombana na dada zao, wakipika. Unapata hofu na unapata maisha. Sijui wengi wanaoweza kushika vyote viwili kwa mkono mmoja namna hiyo.

Na kuhusu uzuri wa sura. Kweli, majalada yamejaa vifua. Wahenga tena: penye kupenda, chongo huita kengeza. Methali hiyo inataka kwanza pawe na chongo. Mwandishi anayempa mhusika wake uso usio na dosari amejinyima nafasi ya kuonyesha penzi linavyolitazama jicho bovu na kuliita jina lenye huruma. The House in the Cerulean Sea ya T. J. Klune, ya 2020, ina Linus Baker, mtumishi wa ofisi wa miaka arobaini, mnene, mwenye kujionea haya mwili wake, na Arthur, msimamizi wa nyumba ya watoto yatima anayempenda, hamtazami kama mtu anayevumilia kitu. Katika kitabu chote mapenzi yao ni machache mno, karibu busu tu, watoto wanachukua nafasi kubwa zaidi, na kuna mahali utamu unazidi. Lakini mtu mnene anapendwa humo bila kuambiwa apungue kwanza, na hilo katika riwaya za mapenzi bado ni nadra kiasi cha kuniuma.

Matukio ya kitandani nitayapita haraka. Usiyahesabu, wala usione haya kuyapenda. Uliza tu: walipoamka, nini kimebadilika kati yao? Kama hakuna, umesoma zoezi.

Nimeacha kwa makusudi lile la wanawake, kwa kuwa nilitaka kwanza tuwe na kipimo mkononi. Ni kweli sehemu kubwa ya uandishi huu imebebwa na wanawake, na chimbuko lake liko wazi. Miaka ya 1970 mashabiki wa tamthilia ya angani ya Star Trek, wengi wao wanawake, walikuwa wakiandika hadithi za wahusika wake wawili, Kirk na Spock, wakipendana, wakizichapa kwenye vijarida vya kupeana mkono kwa mkono. Muongo huo huo Japani, wachoraji wanawake kama Moto Hagio na Keiko Takemiya walianza kuchora mapenzi ya wavulana kwa ajili ya wasomaji wasichana. Hadithi za mashabiki zikahamia kwenye intaneti, na maktaba yao kubwa, Archive of Our Own, iliyofunguliwa 2009, ikapewa tuzo ya Hugo mwaka 2019. Riwaya za Kichina za mkondo huu, za mwandishi Mo Xiang Tong Xiu, zilipoanza kutoka kwa Kiingereza mwishoni mwa 2021 ziliingia moja kwa moja kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana Marekani.

Basi kuna tabia zilizorithiwa humo, na hapa ndipo rafiki yako anapopatia nusu. Mmoja mdogo, laini, mwenye kulia. Mwenzake mrefu, mkali, mwenye wivu, na wivu huo unaitwa ulinzi. Ukitazama vizuri ni mume na mke wa riwaya za kale, wamebadilishiwa nguo tu. Kubwa zaidi kwangu ni upweke. Katika vitabu vingi wapenzi hawa wawili ni kana kwamba ndio mashoga pekee duniani. Hawana rafiki wa namna yao, hawana mpenzi wa zamani aliyebaki kuwa ndugu, hawana mzee hata mmoja aliyepita njia hiyo kabla yao akawapa neno. Mwanaume aliyeishi maisha haya hawezi kusahau watu hao, kwa sababu ndio waliomwokoa. Ninaposoma kitabu ambamo hawapo, najua mwandishi ameazima wapenzi bila kuazima maisha yao.

Lakini kasoro hiyo iko kwenye ukurasa, na ndipo uitafute, usiitafute kwenye kitambulisho cha mwandishi. Mary Renault alikuwa mwanamke, na The Charioteer yake ya 1953, iliyokataliwa na mchapishaji wake wa Marekani na kungoja hadi 1959 kufika huko, ina marafiki, ina wazee, ina ile sherehe chungu ambako wanaume wa aina hii wanapimana kwa macho. Wanaume wengi waliojificha walijiona humo. McQuiston si mwanamke wala mwanamume kwa maelezo yake mwenyewe. Na mwaka 2020 Becky Albertalli, ambaye riwaya yake ya kwanza ilihusu mvulana anayelazimishwa kufichua siri yake, aliandika kwamba anavutiwa na jinsia zote mbili, na kwamba amesema hivyo baada ya miaka ya wasomaji kumsakama aonyeshe haki yake ya kuandika. Yaliyomfika mhusika wake yalimfika yeye, mikononi mwa watu waliosema wanakipenda kitabu. Ndiyo maana rafiki yako anaposema "wanawake wasiojua," namwomba ataje kitabu na ukurasa.

Jambo moja dogo huenda linakuchosha bila kulijua, kwa kuwa wewe unasoma kwa Kiingereza na kuwaza kwa Kiswahili. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja kwa wanaume wote, na wakiwa wawili kitandani mwandishi anapotea: mkono wa nani, shingo ya nani? Wavivu hujiokoa kwa kuandika "yule mrefu," "yule mwenye nywele nyeusi," "yule mkubwa," hadi wapenzi wanageuka wageni kwenye foleni. Sisi tuna "yeye" isiyojali hata kama ni mume au mke, kwa hiyo tumezoea kuwatambua watu kwa wanavyotenda na wanavyosema. Sikio lako linashtuka kila "yule mrefu" inapopita. Liache lishtuke. Linakuonyesha mwandishi ambaye bado hajawapa watu wake sauti zinazotofautiana.

Ukitaka niseme usome nini sasa, anza na We Could Be So Good ya Cat Sebastian, ya 2023. Waandishi wa habari wawili katika gazeti la New York miaka ya 1950, Nick wa mtaani na Andy mwana wa mwenye gazeti. Kikwazo ni kidogo kwa kukitazama, hakuna fitina wala barua iliyopotea, lakini hofu ya Nick ina historia na polisi wako nje. Humo watu wanapendana kwa kupikiana na kukumbushana funguo, nawe utaipata miwani mara nyingi. Kisha, ili usiwe na chakula cha aina moja, chukua Blessings ya Chukwuebuka Ibeh, ya 2024, kuhusu Obiefuna, kijana wa Nigeria aliyepelekwa shule ya bweni baada ya baba yake kuona alichokiona, katika miaka iliyoelekea kwenye sheria ya 2014 iliyopiga marufuku ndoa za jinsia moja nchini humo. Hiyo haikuahidi raha mustarehe, kwa hiyo usiidai. Mpe rafiki yako asome zote mbili pia, na usimwambie mwandishi yupi ni nani. Mkimaliza, niandikieni mmetia alama ukurasa gani katika kila kimoja.